Vyumba vya Mkunazini, na paa ambalo hakuna anayelitazama

"Mjomba, leo nimekaa palepale walipofungiwa watumwa!"

Mpwa wangu yuko darasa la sita na alikuwa ametoka ziara ya shule. Nikamuuliza ni wapi huko. "Chini ya kanisa, Mkunazini. Wanaume hamsini chumba kimoja, wanawake na watoto sabini na tano chumba cha pili." Nambari zote kichwani, kama jedwali la kuzidisha. Nikaisukuma sahani kando. Kazi yangu ni kukarabati majengo ya chokaa hapa Mji Mkongwe, na hadithi hii nimeisikia kwa watalii, kwa waandishi wa habari, hata kwa fundi niliyemfundisha mwenyewe. Kuisikia nyumbani kwangu, mbele ya biriani ya Ijumaa, ndiko kulikonishinda.

Kwanza, vyumba hivyo haviko chini ya kanisa, yaani Kanisa Kuu la Waanglikana. Viko chini ya jengo la jirani, lile liitwalo St Monica. Jengo hilo lilikuwa hospitali ya misheni na lilijengwa miaka ya 1890. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873. Hesabu hiyo hata mpwa wangu anaiweza: ni miaka ishirini hivi. Chumba cha chini chenye kuta nene na vidirisha vyembamba kama mkato wa kisu, ndani ya hospitali ya nchi ya joto kabla ya friji kuwepo, ni mahali pa kuwekea dawa zisiharibike. Profesa Abdul Sheriff, aliyeandika historia ya biashara ya Unguja kuliko karibu mtu yeyote, amelisema hili miaka nenda miaka rudi. Mtalii hataki bohari ya dawa. Anataka kuinama, kuwasha tochi ya simu na kusikia baridi mgongoni.

Najua jibu linalokuja: labda vyumba vilikuwepo, misheni ikajenga juu yake. Sitaapa kwamba haiwezekani, maana jengo la zamani hukuficha mambo mpaka siku unapolipasua. Lakini tazama soko lenyewe lilivyokuwa. Lilikuwa uwanja wa wazi. Mateka walikaa kwenye nyumba za wafanyabiashara wakaletwa kuuzwa. Kapteni Smee, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1811, anaeleza mnada ulioanza kama saa kumi alasiri, watu wamepakwa mafuta na kupambwa, wanapitishwa sokoni na mitaani. Ule ulikuwa unyama wa mchana kweupe, mbele ya majirani. Hapo ndipo hadithi ya vyumba inaponiudhi zaidi ya kosa la tarehe: inauchukua uovu uliofanyika juani, watu wakipita na vikapu vyao, inaufungia kwenye shimo kama vile ulikuwa siri ya watu wachache.

Ukitaka shimo, nenda Mangapwani, kijiji cha pwani kaskazini mwa mji. Huko liko handaki lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, nalo linahusishwa na magendo ya watumwa baada ya 1873. Baada ya. Mahandaki ni ya wakati biashara ilipopigwa marufuku; ilipokuwa halali hakuna aliyehitaji kujificha.

Na huo mwaka 1873 nao una ugonjwa wake. Watu husema "utumwa ulikomeshwa 1873, wakajenga kanisa kusherehekea". Kilichokomeshwa ni kusafirisha watumwa baharini na kuwauza kwenye masoko ya wazi. Sultani Barghash alitia saini tarehe 5 Juni baada ya balozi John Kirk kumweleza bayana kwamba manowari za Uingereza zingekizingira kisiwa. Utumwa wenyewe, mtu kummiliki mtu, uliendelea kutambuliwa na sheria ya Unguja hadi 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909. Maana yake, jiwe la msingi lilipowekwa siku ya Krismasi 1873, na ibada ya kwanza iliposaliwa Krismasi ya 1877, mji mzima uliolizunguka kanisa ulikuwa bado na watumwa majumbani. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa kanisa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, sehemu nyingine ikatolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Mwenye kulisimamia jengo alikuwa Edward Steere, askofu wa UMCA (ile misheni ya Kianglikana) kuanzia 1874, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kitabu chake cha sarufi na ngano zake za Kiswahili. Alisomea sheria. Si uhandisi, sheria. Ramani zilianzia Uingereza, lakini mtu aliyekuwa juani akibishana na waashi ni yeye, na ukisimama ndani unaona majibizano hayo: madirisha yaliyochongoka kwa mtindo wa Kigothi, na nakshi ambazo mwashi wa pwani hakuhitaji kufundishwa na Mzungu.

Waongoza wageni huzungumza juu ya sakafu dakika kumi: duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa jekundu mbele ya madhabahu, linaloonyesha uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Sawa. Kwamba madhabahu iliwekwa hapo kwa makusudi, naamini. Kwamba ni hapo hapo kwa sentimita, ni imani ya kanisa, na mimi si mtu wa kumpimia mtu imani yake kwa futi kamba. Lakini jamani, inueni shingo!

Nyumba za mawe za mji huu zinaezekwa kwa boriti za mikoko. Boriti nzuri inakupa kama mita tatu hivi kati ya ukuta na ukuta, basi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mtumbwi. Huwezi kuupanua ukumbi bila kuweka nguzo katikati. Steere alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Mbao ndefu zilikuwa ghali, na mchwa wa Unguja hawafungi Ramadhani. Akaamua kumimina paa la mviringo, kama nusu ya pipa lililolazwa, kwa zege la saruji ya Portland na matumbawe yaliyopondwa. Miaka ya 1870! Saruji hiyo ililetwa kwa meli, na mafundi wa hapa hawakuizoea kwa kazi ya namna hiyo.

Tatizo la paa la pipa ni kwamba haliketi tu, linasukuma. Uzito wake unateremka kwenye kuta na wakati huohuo unazitanua nje, kama mtu anayefungua miguu taratibu. Ukuta ukiwa mwembamba unalala. Na zege la wakati ule halikuwa na nondo ndani. Lilitegemea umbo lake tu, lisimame kwa kujibana. Watu walitabiri litaanguka. Limesimama hadi leo, wakati Beit al-Ajaib, jumba la 1883 lenye nguzo za chuma, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020. Krismasi tena.

Hapa inanibidi nikiri jambo linalonitia aibu kikazi. Mimi ni adui wa saruji. Nusu ya maisha yangu nimebandua lipu ya saruji kwenye kuta za matumbawe, kwa sababu inaziba unyevu ndani, chumvi inaganda, jiwe linageuka unga nyuma ya rangi safi. Chokaa inapumua, saruji inanyonga. Halafu paa ninalolipenda kuliko yote mjini lina saruji. Maelezo ninayo (kufunika si kupiga lipu ukuta, na matumbawe yaliyopondwa yamelilainisha lile zege) lakini sina hakika nimejishawishi.

Mengine haraka. Vile vinguzo karibu na lango vilivyosimama kichwa chini: husemwa waashi waliviweka Steere akiwa safarini, akarudi akaviacha. Inawezekana kabisa, mimi pia nimewahi kurudi kutoka likizo. Masharti ya Barghash, kwamba anatoa saa ya mnara wa kanisa ila mnara usiizidi Beit al-Ajaib: Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu yake, na jumba ni la 1883, kwa hiyo anayesimulia atuambie sharti lilipimwa kwa jengo lipi. Msalaba uliomo kanisani, wa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, ni wa kweli. Sanamu za watu watano ndani ya shimo uwanjani ni za 1998, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden; zinasema wazi kwamba ni sanamu, na ndiyo maana naziheshimu. Na kanisa lenye minara miwili ni la Wakatoliki. Msinitumie picha yake tena.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya biriani ikipoa. Kisha akauliza: "Mjomba, na hilo zege, nani alilipandisha juu?"

Nilimwambia: waashi na vibarua, na miongoni mwao watu waliokombolewa waliokuwa wakilelewa na misheni. Kisha nikakumbuka neno lenyewe nililotamka. Kibarua ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili alipwe. Na katika Unguja ya miaka hiyo, wengi waliokuwa wakitafuta kazi ya kutwa mjini walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao, wakirudi jioni kuwagawia ujira. Waliopanga foleni asubuhi pale Mkunazini, chini ya kuta za kanisa linalosherehekea mwisho wa soko, hakuna aliyewaandika majina.

"Kwa hiyo walilipwa?" akauliza.

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.