Daktari mtarajali si mwanafunzi, na hapaswi kuachwa peke yake

Kila kundi jipya la madaktari watarajali, yaani wahitimu wa udaktari walio kwenye mwaka wa mafunzo kazini, linaporipoti, malalamiko kwenye dawati la huduma kwa wateja huongezeka kwa wiki kadhaa. Mengi yanafanana. Mzazi analalamika kwamba mtoto wake "katibiwa na mwanafunzi". Mwingine anataka ajue kwa nini mgonjwa wake alionwa na kijana badala ya bingwa. Simu nyingine zinatoka kwa wazazi wa watarajali wenyewe: mbona kijana wetu aliitwa daktari siku ya mahafali, ila mpaka leo hana leseni? Na je, haiwezekani akahamishiwa Muhimbili, maana huku mikoani hatajifunza kitu?

Nafanya kazi ya kuratibu mafunzo haya katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na maswali hayo nimeyajibu mdomoni mara nyingi. Safari hii nayaandika, kwa ajili ya familia za wagonjwa na kwa ajili ya watarajali wanaoanza.

Mtarajali ni mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya udaktari ya miaka mitano, iwe Muhimbili, Moshi, Bugando, Dodoma au chuo kingine kinachotambuliwa. Aliyesoma nje, kwa mfano China, Urusi au India, shahada yake hupitia kwanza Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika humpima kabla hajaruhusiwa kugusa mgonjwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, Baraza humpa usajili wa muda. Kwa usajili huo anafanya kazi miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa, akizungushwa kwenye idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Akifaulu zote, anaomba usajili wa kudumu, kisha leseni. (Zanzibar ina baraza lake na sheria yake, yaliyomo humu ni ya Tanzania Bara.)

Kwa hiyo yule kijana mwenye koti jeupe aliyemwona mtoto wako ni daktari. Anaruhusiwa kuandika dawa, kuagiza vipimo, kulaza mgonjwa. Kumwita mwanafunzi ni kumkosea, na kuna hasara zaidi ya hapo: mgonjwa anayemwona daktari wake ni mwanafunzi humficha mambo, akingoja "daktari mwenyewe" aje. Maelezo ya ugonjwa yanapotea hapo, na hakuna kipimo cha maabara kitakachoyarudisha.

Kitu ambacho usajili wa muda haumpi ni ruhusa ya kufanya kazi bila msimamizi. Hapa ndipo ninapotaka watarajali wanisikilize kwa makini.

Chukua leba, saa nane usiku. Analetwa mama wa mimba ya kwanza kutoka kituo cha afya, amepata degedege njiani, presha iko juu sana. Ni kifafa cha mimba. Mtarajali aliyesoma vizuri anajua la kufanya: njia ya hewa, oksijeni, kisha maginisiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Anajua kwamba kabla ya kurudia dozi lazima agonge goti aone kama mguu unaitikia, ahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na apime mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Anajua kalsiamu glukoneti lazima iwe karibu, kwa sababu maginisiamu ikizidi husimamisha upumuaji. Yote hayo aliyajibu kwenye mtihani.

Ila mtihani haukumuuliza afanye nini presha isiposhuka baada ya dawa, na huku mapigo ya moyo wa mtoto yanaanza kupungua, na kitanda cha pili kuna mama anayetoka damu, na chumba cha upasuaji kina mgonjwa mwingine mezani. Maamuzi hayo si yake peke yake. Ni ya bingwa au daktari mwandamizi wa zamu, na ili ayafanye lazima apigiwe simu. Apigiwe mapema, wakati bado kuna cha kuamua. Simu inayopigwa mama akiwa amekwisha kupoteza fahamu inafika kama taarifa ya msiba.

Vijana wengi hawapigi. Nimekaa kwenye vikao vya kupitia vifo vya uzazi, vifo ambavyo kwa utaratibu wetu huripotiwa ndani ya saa 24, na swali "ulimwita nani, saa ngapi?" mara nyingi hujibiwa kwa kimya. Kijana aliogopa kuonekana hajui. Aliogopa kufokewa. Alitaka kwanza ajaribu. Mtarajali hapimwi kwa kuvumilia peke yake mpaka asubuhi. Anapimwa kwa kutambua mapema kwamba mgonjwa amemzidi uwezo. Hicho ndicho tunachokitafuta tunaposaini fomu yake.

Na mabingwa wenzangu, hili linatuhusu. Ukimfokea mtarajali kwa sababu kakuamsha saa tisa kwa jambo ambalo wewe unaliona dogo, hatakuamsha tena, na siku jambo likiwa kubwa utaliona asubuhi kwenye raundi. Kuwa wa zamu maana yake ni kupokea simu na, ikibidi, kuja.

Namna ya kupiga simu hiyo ifundishwe siku ya kwanza. Taja jina lako na wodi. Mtaje mgonjwa: umri, shida iliyomleta, presha, mapigo ya moyo, pumzi, joto, kiwango cha oksijeni. Sema umefanya nini mpaka sasa. Halafu sema wazi unataka nini: "naomba uje" au "naomba ushauri wa dozi". Usimalize kwa "nilikuwa nakujulisha tu, daktari", kwa sababu aliyejulishwa atarudi kulala. Asipopokea, piga tena. Bado hapokei, mpigie daktari anayefuata kwenye orodha ya zamu, kisha mkuu wa idara, kisha Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali. Andika kila simu kwenye faili la mgonjwa pamoja na saa: saa 8:20 usiku nimempigia daktari bingwa wa zamu, hakupokea, saa 8:25 nimempigia mkuu wa idara, ameagiza hivi na hivi. Maandishi hayo yanamlinda mgonjwa, maana anayekuja anajua kilichofanyika. Yanakulinda na wewe pia, shauri likifika mbele ya Baraza. Simu isiyoandikwa, mbele ya kamati, ni vigumu sana kuithibitisha.

Kuna chanzo kingine cha msaada ambacho watarajali hukidharau miezi ya mwanzo, nacho ni wauguzi. Sista aliyekaa leba miaka mingi akikwambia "daktari, huyu mama simpendi anavyoonekana", acha unachokifanya uende kumwona. Usimuulize kwanza kama ana ushahidi.

Nihamie kwenye sahihi, kwa sababu makosa mengi ya watarajali yanaanzia kwenye kalamu.

Fomu ya polisi namba 3, PF3, ni hati inayotumika mahakamani kama ushahidi. Andika ulichokiona mwilini kwa mgonjwa: jeraha liko wapi, lina urefu gani, lina kina gani, ni jipya au la zamani. Usiandike nani alimpiga, hukuwepo. Usiijaze kwa mgonjwa ambaye hukumpima, hata kama askari ana haraka na mwenzako aliyempima ametoka zamu. Mahakama inaweza kukuita utoe ushahidi, na mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeandika taarifa aitwe ahojiwe. Wito huo unaweza kukufikia ukiwa umeshahamia mkoa mwingine, na utatakiwa uende.

Cheti cha sababu ya kifo kinahitaji utulivu. Kila mwaka narudisha vyeti vilivyoandikwa "moyo kusimama". Kila aliyekufa moyo wake umesimama, hilo halimwelezi mtu chochote. Tunataka mlolongo: alikufa kwa damu kutoka nyingi, iliyotokana na mji wa mimba kupasuka, uliotokana na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama asiweze kutoka. Taifa linajua watu wake wanakufa kwa nini kupitia karatasi hiyo, na familia inaitumia kwenye mirathi na bima.

Kisha usajili wako. Namba ya usajili haiazimwi. Haiazimwi kwa rafiki, kwa zahanati ya mjomba, wala kwa mtu anayetaka fomu za bima zisainiwe. Na usajili wa muda unahusu kituo ulichopangiwa, chini ya msimamizi. Kwenda kupiga deiwaka kwenye zahanati binafsi jioni, ukiwa peke yako, hakumo ndani yake. Jambo hili tunalieleza siku ya utambulisho, tunalirudia kila robo mwaka, na bado kuna anayekuja kuuliza kama Jumapili inaruhusiwa. Hairuhusiwi. Baraza lina mamlaka ya kumwonya mtaalamu, kumkaripia, kumsimamisha kwa muda, au kumfuta kabisa kwenye daftari la usajili. Anayefanya kazi ya udaktari bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai. Mwenye zahanati aliyekuajiri naye ana ya kujibu kwa mamlaka zinazosimamia hospitali binafsi. Mgonjwa akidhurika huko, hospitali yako ya mafunzo haitasimama upande wako, kwa sababu haikukutuma.

Najua sababu inayotajwa kila mara: posho. Suala la posho lina mamlaka yake na si mahali pangu kulisemea hapa, ila watu wanakumbuka kwamba mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianza na watarajali waliokuwa wakidai posho zao. Kijana aliyepangiwa mkoa asiko na ndugu, anayelipa chumba na kula kwa mama lishe, posho ikichelewa anaumia kwelikweli. Akifika ofisini kwetu aseme, kupitia kiongozi wa watarajali na Katibu wa Afya, mapema, kabla hajaanza kukosa zamu. Tunachokikataa ni kuhamishia shida hiyo kwa mgonjwa. Hela ya soda inayopokelewa wodini ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na haipungui kuwa rushwa kwa sababu aliyetoa alitoa kwa kushukuru kabla ya operesheni.

Jambo jingine linalofichwa ni kuchomwa sindano. Mtarajali anajichoma usiku akishona, anaosha mkono, ananyamaza kwa aibu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali kama hiyo zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72, kisha zinywewe siku 28. Na chanjo ya homa ya ini B ikamilike kabla hujaanza wodi.

Nyumbani nako kuna somo. Mtoto wenu akihitimu, ukoo mzima humgeuza daktari wake. Anatumiwa picha ya upele kwa WhatsApp, anaombwa ataje dawa ya mtoto anayeharisha huko Urambo. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake, naye hana mizani kwenye simu. Akikujibu "mpelekeni kituo cha afya", hajaringa wala hajasahau alikotoka. Amejibu kama daktari.

Kuhusu kuhamishwa: hospitali za rufaa za mikoa, Maweni, Ligula, Sekou Toure na nyingine, zinapokea watarajali kwa sababu zimekidhi vigezo. Mtarajali wa mkoani mara nyingi anashika kisu mapema kuliko mwenzake wa hospitali ya taifa, ambako mbele yake kuna foleni ya wanaosomea ubingwa. Uhamisho upo kwa sababu za kiafya au za kifamilia zinazothibitika kwa nyaraka. "Huku ni mbali" haimo.

Wewe mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, una haki ya kumuuliza daktari jina lake, kumuuliza kama ni mtarajali, na kuuliza msimamizi wake ni nani. Una haki ya kuelezwa kabla ya kufanyiwa jambo, ili ukubali au ukatae. Ukiona mgonjwa anazidiwa na hakuna mwandamizi aliyefika, mwambie muuguzi wa zamu: "naomba daktari mwandamizi aitwe", na useme hivyo bila kuogopa. Kudai bingwa kwa kila kidonda kinachosafishwa, hapana. Unamchelewesha mtu anayemhitaji kweli.

Usiporidhika, anza kwa mkuu wa idara au Mganga Mfawidhi, kwa maandishi. Shauri lisipotatuliwa, au likihusu mwenendo wa kitaaluma, peleka malalamiko kwa Msajili wa Baraza. Andika jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe, saa, wodi, na kilichotokea kwa mpangilio kilivyotokea, kisha jina la daktari kama unalijua. Usijaribu kutoa faili wodini mwenyewe wala kulipiga picha kwa siri. Omba nakala ya taarifa ya mgonjwa kupitia ofisi ya hospitali. Na usisubiri mwaka upite: watarajali huhama, mashahidi huhama, na mtu aliyekuwa zamu usiku ule ni rahisi zaidi kumpata wiki hii.