Matengenezo, matunzo au kudumisha?

Hivi karibuni niliombwa kupitia orodha ya istilahi za Kiswahili zilizokusanywa kutoka fani mbalimbali. Kwenye sehemu ya sheria nikakuta “matengenezo ya mtoto”. Aliyeandika alimaanisha fedha ambazo mahakama humwamuru mzazi azitoe kwa ajili ya chakula, mavazi, malazi na masomo ya mwanawe. Nikakata, nikaandika “matunzo ya mtoto”. Mtoto hatengenezwi, hutunzwa. Hata hivyo kosa lile halikunitoka kichwani, maana neno alilolitumia mwandishi lilikuwa la fani yangu.

Mimi ni mhandisi wa matengenezo. Ninashughulika zaidi na mitambo inayozunguka: pampu, feni, kompresa. Kiingereza kina neno moja, maintenance, linalobeba kazi yangu na ya hakimu yule, na nyingine nyingi. Asili yake ni Kilatini, manu tenere, yaani kushika mkononi. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo: mashine tunazifanyia matengenezo, mtoto tunamtunza, familia tunaikimu, amani tunaidumisha, jengo tunalikarabati, gari tunalipeleka sevisi. Mgawanyo huu naupenda. Lakini unamtaka mfasiri ajue kwanza kila fani imeshika nini mkononi, yaani ni kitu gani hasa kinacholindwa kisibadilike.

Nianze na kwetu, kwa sababu hata sisi tulichelewa kulijua jibu.

Kutengeneza kuna maana mbili: kuunda kisichokuwepo, na kukirudisha katika hali nzuri kilichoharibika. Hakuna kati ya hizo inayoieleza siku yangu nzuri. Siku yangu nzuri ni ile ambayo hakuna kilichoundwa na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana tukabuni “matengenezo kinga”, tukiongeza neno la pili ili kulisahihisha la kwanza. Kwa miaka mingi kinga hiyo ilieleweka hivi: kila kifaa kina umri wake, kifungue kabla umri haujafika, badilisha, funga.

Nakumbuka pampu moja ya maji ya kupozea. Ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kulalamika. Mtetemo wake ulikuwa mdogo, joto la beringi, zinazoibeba shafti, yaani mhimili unaozunguka, lilikuwa la kawaida, na ukiweka kiganja juu ya nyumba ya beringi ulisikia mvumo mmoja laini usiobadilika. Ratiba ikasema ifunguliwe, tukaifungua. Beringi zilikuwa safi, grisi ingali na rangi yake. Tukazibadilisha kwa kuwa zilikuwa kwenye orodha, tukaweka na sili mpya ya kuzuia maji yasivuje. Siku ya nne maji yakaanza kutiririka kwenye shafti. Siku ya sita tukaizima. Tulipoifungua tena, uso wa sili ulikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele. Chembe ya uchafu ilikuwa imeingia siku ile tulipokuwa tukifunga, na iliingia kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo hili lina historia ndefu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia Conrad Hal Waddington alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliokishauri kikosi cha ndege za Uingereza kilichokuwa kikiwinda nyambizi. Ndege zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Takwimu zilipopangwa ilionekana kwamba hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukizaa hitilafu. Mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti iliyogeuza fani nzima. Katika vifaa vya ndege walivyovichunguza, asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa vikiwa vipya, kisha hatari ikashuka na kubaki palepale. Kwa asilimia 89, kuweka ukomo wa umri hakukusaidia kitu.

Kutoka hapo lilikuja wazo ambalo ninalifundisha kila ninapopata vijana wapya: hatulindi pampu, tunalinda kazi ya pampu. Tunataka maji yafike kwa kiasi kinachotakiwa na kwa msukumo unaotakiwa. Beringi ni watumishi tu wa jambo hilo. Ukikubali hivyo unaacha kuuliza “kina umri gani?” na unaanza kuuliza “kinaonyesha dalili gani?” Unapima mtetemo, unapima joto, unachunguza mafuta, na mara nyingi uamuzi sahihi ni kutokigusa.

Ukitoka hapo ukaenda kwa wahifadhi wa majengo ya kale, unakuta jambo linalokaribia kuwa kinyume. Kwao kinacholindwa ni kitu chenyewe: jiwe lilelile, chokaa ileile, alama ya patasi ya fundi aliyekufa zamani. Waraka wa Burra, uliopitishwa mwaka 1979 na wahifadhi wa Australia, unatenganisha waziwazi matunzo ya kila mara na ukarabati. Mfano unaotolewa ni wa mifereji ya maji ya paa. Kuikagua na kuisafisha ni matunzo. Kuurudisha mahali pake mfereji uliochomoka ni ukarabati wa kurejesha. Kuweka mpya badala ya uliooza ni ukarabati wa kujenga upya. Mimi kwenye kadi ya kazi ningeyaandika yote matatu kwa neno moja, matengenezo, na mhifadhi angekuwa na haki ya kukasirika. Hata methali yetu ya kuziba ufa, inayotajwa kila mazungumzo ya matengenezo yanapoanza, kwa kipimo cha mhifadhi imechelewa. Ufa ukishaonekana, matunzo yamekwisha kushindwa na ukarabati umeanza.

Kwa madaktari nilijifunza jambo ambalo lilinisaidia hata kwenye mashine. Dozi ya kudumisha ni hesabu ya kinachoingia na kinachotoka. Mwili huiondoa dawa muda wote, kwa hiyo mgonjwa hupewa kiasi kinacholingana na kile kinachoondoka, ili kiwango katika damu kisipande wala kushuka. Ukianza na dozi hiyo peke yake, kiwango hutulia baada ya kama mara nne hadi tano ya muda ambao mwili hutumia kuondoa nusu ya dawa. Ndiyo sababu baadhi ya dawa, kama digoksini ya moyo, huweza kuanzishwa kwa dozi kubwa pale haraka inapohitajika, kisha ndogo zikafuata.

Ipo pia tiba ya kudumisha, na hii inanigusa zaidi. Mtoto mwenye aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi kuliko nyingine hutibiwa kwa nguvu mwanzoni, na mara nyingi baada ya wiki chache darubini haioni tena seli za ugonjwa. Anarudi kucheza. Hapo wazazi huambiwa kwamba dawa zitaendelea kwa miaka miwili hivi: merkaptopurini kila siku, methotreksati mara moja kwa wiki. Kumpa dawa kila jioni mtoto ambaye kwa macho ni mzima, kwa ajili ya adui asiyeonekana, ni kazi ngumu kuliko kumpa anayelia kwa maumivu. Hapo kinachodumishwa ni kutokuwepo kwa ugonjwa. Sijaona mfano safi kuliko huo wa kazi ambayo ikifanikiwa haionyeshi chochote.

Kwenye programu za kompyuta neno limekwenda mbali zaidi. Programu haichakai. Iache miaka 20, kila herufi itakuwa palepale. Kinachosogea ni dunia inayoizunguka: sheria za kodi, vifaa, mahitaji ya watumiaji. Meir Lehman, mtafiti wa programu za kompyuta, alilieleza hili tangu mwaka 1974, kwamba programu inayotumika isipoendelea kurekebishwa, manufaa yake hupungua. Mfano ambao wengi wanaukumbuka ni wa mwaka 2000. Mifumo mingi ilikuwa ikiandika mwaka kwa tarakimu mbili, na kwa miongo kadhaa hilo halikuwa kosa hata kidogo. Kalenda ndiyo iliyoligeuza kuwa kosa, kwa kuwa “00” ingeweza kusomwa kama 1900. Kwa hiyo watu wa programu wanapofanya matengenezo, sehemu kubwa ya kazi yao ni kubadilisha, na kurekebisha hitilafu ni sehemu ndogo. Wanakibadilisha kitu ili manufaa yake yabaki. Mhifadhi wa majengo hawezi kukubali hilo, ila mimi, ninayelinda kazi ya pampu, naona ni jirani zangu.

Wahasibu niwapitie haraka. Kwao mpaka muhimu uko kati ya matengenezo ya kawaida, yanayohesabiwa kama gharama ya mwaka huo, na ubadilishaji wa sehemu kubwa, unaoongezwa kwenye thamani ya mali. Wana pia dhana ya kudumisha mtaji, na humo wanagawanyika: wapo wanaopima fedha, wapo wanaopima uwezo wa kuzalisha. Hawa wa pili nawaelewa bila kufafanuliwa.

Nirudi kwa yule mtoto wa kwenye orodha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 27, unazitaka nchi zihakikishe matunzo yanapatikana kutoka kwa wazazi hata mzazi akiwa anaishi nchi nyingine. Kinacholindwa hapo ni mtu, na mtu huyo anakua. Matunzo ya mwaka jana huenda yasimtoshe mwaka huu, kwa hiyo kudumisha hali yake kunadai kiasi kibadilike. Mwezi usiolipwa haupotei pia, unaingia kwenye malimbikizo. Jambo hilo tunalo hata karakana, ingawa sisi tunasema viporo: kazi zilizoahirishwa leo na kesho, hadi foleni yake inakuwa ndefu kuliko mafundi waliopo. Tofauti ni kwamba kiporo cha grisi naweza kukifidia Jumamosi moja nikiwa na vijana wawili. Mlo ambao mtoto aliukosa miezi sita iliyopita haufidiwi kwa kulipa malimbikizo, hata yakilipwa yote kwa mkupuo.

Pampu ile bado ipo kazini. Kadi zetu zilikuwa na nafasi moja tu ya kuandikia, “kilichotengenezwa”, na fundi aliyeiacha tupu alionekana hakufanya kazi. Tumeongeza nafasi ya pili. Wiki iliyopita kijana alikuja na kadi ya pampu hiyo ameandika humo kwa kalamu ya buluu: mtetemo sawa, joto sawa, haikufunguliwa.