Je, Wajua Kwa Nini Bega Huuma Mimba Inapotunga Nje ya Kizazi?

Hebu mtazame mwanamke huyu. Hedhi yake ya mwisho ilianza wiki saba zilizopita. Tangu asubuhi tumbo linamkata upande mmoja, chini ya kitovu, na ameona matone ya damu ya rangi ya kahawia, machache tu, hata pedi haijalowa. Amejiambia ni hedhi iliyochelewa. Jioni anajilaza apumzike. Dakika chache baadaye yanaanza maumivu mengine, na haya hayako tumboni kabisa. Yako kwenye ncha ya bega, pale mkanda wa mkoba unapokalia. Analikanda. Anadhani amelalia mkono vibaya, anaomba dawa ya kuchua.

Bega lake ni zima. Mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, na damu inavuja ndani ya tumbo. Ana saa chache za kufika kwenye meza ya upasuaji, pengine pungufu ya hapo.

Katika kila mimba mia moja, moja au mbili hivi hutunga mahali pasipo pake. Ni chache, lakini ndizo zinazoongoza kuua wanawake katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na vingi vya vifo hivi vingezuilika kama dalili zingesomwa mapema. Ndiyo maana nataka tulifuate hilo bega mpaka tujue limeambiwa nini, na nani.

Tuanze na safari yenyewe. Wengi tunadhani yai la mama na mbegu ya baba hukutana ndani ya kizazi. Sivyo. Hukutana kwenye mrija wa uzazi, ule ambao Mwitaliano Gabriele Falloppio aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1561, na ambao hadi leo madaktari huuita kwa jina lake. Mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Upande wa ovari, mahali yai linapotoka, ni mpana kidogo kama mdomo wa tarumbeta, lakini unapokaribia kizazi tundu lake huwa finyu, milimita moja hivi. Yai lililorutubishwa halina mkia wala miguu. Linasukumwa tu: vinyweleo vidogo mno vilivyopanga ukuta wa mrija hupepea kuelekea kizazini, na misuli ya mrija hubana na kulegea taratibu. Safari hiyo huchukua siku tatu au nne. Kisha yai, ambalo sasa ni kitonge cha chembe nyingi, huingia kizazini, na kwenye siku ya sita au ya saba hujichimbia ukutani ili lipate damu ya mama.

Hapo kwenye kujichimbia ndipo penye siri yote. Kitonge kile hakingoji kuambiwa kwamba kimefika. Muda wake ukitimia hujichimbia pale kilipo. Kama vinyweleo vimeharibika, au mrija umebanwa na makovu, siku ya kujichimbia hukikuta bado kiko njiani. Kinaanza maisha mlangoni mwa nyumba ambayo hakijaifikia. Zaidi ya mimba 90 katika kila mimba 100 zilizotunga nje ya kizazi huwa kwenye mrija, hasa ile sehemu yake pana. Chache hukutwa kwenye ovari, kwenye shingo ya kizazi, ndani ya kovu la upasuaji wa kujifungua, au hata tumboni katikati ya utumbo.

Kizazi kimeumbwa kwa kazi hii. Kina ukuta mnene wa misuli, na juu yake utando laini unaonenepa kila mwezi ukimsubiri mgeni. Utando huo humlisha, lakini pia humzuia asichimbe kupita kiasi. Mrija hauna ulinzi huo. Ukuta wake ni mwembamba, na chembe za kondo la nyuma zinapoanza kupenya hazikuti kizuizi, zinatoboa moja kwa moja hadi kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo mrija haupasuki kwa sababu tu mtoto amekua mkubwa, kama watu wanavyosema. Mara nyingi kilicho ndani bado ni kidogo sana. Umepasuka kwa sababu umeliwa kutoka ndani.

Sasa turudi kwenye bega.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana kama kawa, unaopanda na kushuka tunapopumua. Unaitwa kiwambo. Mtu angetarajia neva yake itoke karibu, mgongoni hapo kifuani. La hasha. Inatoka shingoni, kwenye neva ya tatu, ya nne na ya tano za shingo, kisha inateremka kifua kizima hadi kukifikia kiwambo. Sababu ni ya kustaajabisha: tulipokuwa tumboni mwa mama zetu, kiwambo kilianza kuumbwa karibu na shingo, kikashuka polepole mwili ulipokuwa unarefuka, kikiiburuta neva yake nyuma. Na neva hizohizo za shingo ndizo zinazopokea habari za ngozi ya bega. Damu iliyovuja inapogusa kiwambo, kiwambo hulia. Ubongo hupokea kilio kupitia njia ambayo umezoea kusikia habari za bega, nao huamua kwamba bega linauma.

Ndiyo sababu maumivu yalianza alipojilaza. Akiwa amesimama, damu ilikuwa imetulia chini kwenye nyonga. Alipolala ikatiririka hadi juu chini ya mbavu. Bega lisilo na jeraha, lisiloumia zaidi unapoinua mkono, lakini linalouma ukilala, kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito, hilo si la kuchuliwa.

Damu ikibaki chini kwenye nyonga nayo ina namna yake ya kudanganya. Hukusanyika nyuma ya kizazi, ikigusana na utumbo mpana, na mwanamke huhisi haja kubwa inayombana bila kutoka kitu. Wapo wanaozimia chooni. Wengine huhara na kutapika, wakapewa dawa za tumbo na kurudishwa nyumbani. Mimi naona huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu mgonjwa na mhudumu wote wawili wanaangalia tumbo la chakula.

Kuna na mtego wa pili. Kwa kuwa damu nyingi inamwagikia ndani, inayoonekana nje ni kidogo. Pedi moja haijajaa, lakini tumboni mna lita nzima. Tena wagonjwa wengi ni vijana wenye mioyo yenye nguvu. Mwili wao hubana mishipa, moyo huongeza mapigo, na presha hubaki nzuri kwenye mashine hadi damu nyingi iwe imekwisha kupotea. Kisha huporomoka ghafla. Ukimwona mwanamke wa hali hii amepauka, ana jasho baridi, ana kiu na kizunguzungu akisimama, usitulizwe na presha iliyopimwa nusu saa iliyopita.

Wengine huuliza: mbona kipimo cha mkojo kilionyesha ana mimba, na wote wakafurahi? Kilisema kweli. Kipimo hicho hunusa homoni ya hCG, na homoni hiyo hutengenezwa na chembe za kondo popote zilipo. Kipimo kinajua kwamba kuna mimba. Hakijui iko wapi. Ili kujua mahali, hutumika ultrasaundi, hasa ya kuingizwa ukeni, ambayo kwenye wiki ya tano au ya sita kwa kawaida huonyesha kifuko cha mimba ndani ya kizazi. Kizazi kikiwa kitupu na kipimo kinasema ndiyo, daktari hupima hCG kwenye damu na kurudia baada ya saa 48. Katika mimba changa iliyokaa vizuri, kiwango mara nyingi hukaribia kuongezeka maradufu katika muda huo. Iliyotunga nje mara nyingi hupanda kwa kusuasua, au husimama. Lakini si zote, na hivyo mtu anaweza kuambiwa arudi mara mbili au tatu. Naomba usikate tamaa na safari hizo. Kuambiwa "bado hatujui mimba iko wapi" ni jibu la kweli, na kurudi siku uliyoambiwa ndicho kinachookoa.

Nani yumo hatarini? Aliyewahi kupata magonjwa ya zinaa ya klamidia au kisonono, hata kama hakuona dalili, kwa sababu maambukizi hayo yakipanda juu huacha makovu kwenye mirija. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mirija, anayevuta sigara, aliyepata mimba kwa msaada wa maabara, aliyevuka miaka 35. Aliyewahi kupata mimba ya namna hii mara moja ana uwezekano wa kama mmoja kwa kumi wa kuipata tena. Kitanzi husingiziwa sana. Ukweli ni kwamba kitanzi huzuia mimba za kila aina, lakini ikitokea nadra mimba ikapita huku kitanzi kipo, au baada ya kufunga kizazi, basi uwezekano wa kuwa imetunga nje ni mkubwa na ni lazima ikaguliwe upesi. Na karibu nusu ya wanaopatwa hawana hata kimoja katika haya. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni ya wenye tabia fulani.

Swali linalouma kuliko yote ni hili: kwa nini wasiihamishe tu waiweke kizazini? Haiwezekani. Kondo limekwisha shikamana na mishipa ya mrija, na ukilibandua umelikatia uhai. Hakuna mahali duniani ambapo linafanyika. Mimba ya kwenye mrija haiwezi kufika mwisho, na kusubiri kunaongeza jambo moja tu, hatari ya kumpoteza mama.

Ikigundulika mapema, kabla mrija haujapasuka, mama yu mzima na hCG iko chini, anaweza kuchomwa sindano ya methotreksati. Dawa hii huzuia kazi ya foliki, ile vitamini wanayopewa wajawazito, na bila foliki chembe zinazogawanyika haraka husimama. Ndiyo maana huambiwa aache vidonge vya foliki alivyokuwa akimeza, apimwe damu siku ya nne na ya saba, kisha kila wiki hadi homoni iishe, na asishike mimba nyingine kwa angalau miezi mitatu. Katika siku hizo tumbo linaweza kuuma kiasi. Likiuma sana, arudi bila kungoja tarehe.

Mrija ukiwa umepasuka, ni kisu. Mara nyingi kwa matundu madogo ya laparoskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa tumboni, na kwa kufungua tumbo kama damu ni nyingi. Zamani hata hilo halikufanyika. Mwaka 1881 daktari mpasuaji Robert Lawson Tait wa Birmingham, Uingereza, aliombwa amfungue tumbo mwanamke mwenye mrija uliopasuka. Akaogopa, akakataa, mwanamke akafa. Mwili ulipochunguzwa, Tait aliona kwamba mshipa uliokuwa ukivuja ungeweza kufungwa kwa uzi. Mwaka 1883 alifungua, akafunga, na mgonjwa akapona. Upasuaji wa leo bado unafanya jambo lilelile: kuufikia mshipa kabla damu haijaisha.

Hospitali unayokimbilia iwe na chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Usile wala kunywa njiani, usiendeshe gari mwenyewe, na mlangoni usianze na historia ndefu. Sema: "Ninaweza kuwa na mimba, tumbo linauma upande mmoja, na bega linauma." Maneno hayo matatu pamoja humfanya mhudumu anayejua kazi yake ainuke kwenye kiti. Mwenye kundi la damu la hasi alitaje pia, maana huenda akahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo.

Baada ya hapo kuna huzuni, na watu huisahau kwa sababu "ilikuwa changa". Alikuwa amekwisha kuhesabu miezi. Mwacheni alie.

Kuhusu kuzaa tena, wengi huzaa, hata wakiwa na mrija mmoja. Tena mrija uliobaki unaweza kuinama na kulidaka yai lililotoka kwenye ovari ya upande wa pili, ule uliopoteza mrija wake. Hedhi ikichelewa safari hiyo, asisubiri kliniki ya kawaida ya miezi ya mbele. Aende kwenye ultrasaundi karibu na wiki ya sita, hata kama hakuna kinachomuuma, aone kwenye kioo kama kile kifuko cheusi kidogo kimekaa ndani ya kizazi.