Heliamu ya LHC si maji ya rejeta

Kila nikizungumza na wanafunzi kuhusu LHC, ile mashine ya kugonganisha protoni ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, hakosi wa kuniambia kwamba heliamu ni kama maji ya rejeta: inazuia sumaku zinazoongoza protoni zisichemke kwa umeme mwingi. Nimeyasikia hata kwa wahandisi, na yananiudhi, maana yanageuza mambo juu chini.

Umeme wa sumaku hizo, ampea zaidi ya 11,000, hautoi joto. Waya wa niobi na titani ukiwa kwenye kelvini 1.9, yaani nyuzi -271, hauna ukinzani hata chembe. Baridi haipo kutibu joto la umeme. Baridi ndiyo inayoufanya waya uwe superkondakta, yaani upitishe umeme bila ukinzani. Joto ambalo heliamu huliondoa ni hasa lile linalopenya kutoka nje na lile linaloletwa na mkondo wa protoni.

Tazama kinachotokea kwenye kwenchi, yaani sumaku inapopoteza ghafla hali ya usuperkondakta. Waya ukisogea kidogo tu, chini ya unene wa unywele, msuguano wake hupasha sehemu ndogo, kwani kwenye baridi ile nishati kiduchu inatosha kupandisha joto la metali. Sehemu hiyo hupata ukinzani, na ampea zote zile zinaipitia. Kama heliamu ingekuwa rejeta, dawa ingekuwa kupooza zaidi. Kumbe mfumo wa ulinzi huwasha vipasha-joto vilivyobandikwa kwenye koili, ili sumaku nzima ipoteze hali hiyo ya usuperkondakta kwa pamoja na nishati isambae, isiyeyushe mahali pamoja. Walimu wenzangu, anzeni na kwenchi, mengine yatafuata.

Wanaodhani ukinzani sifuri ni umeme wa bure wajue kwamba kuondoa wati 1 kwenye kelvini 1.9 hudai karibu wati 1,000 kwenye mitambo ya kupoozea. Na heliamu haiungui kama mafuta: zaidi ya tani 100 huzungushwa humo humo, ingawa kiasi huvuja.

Ajali ya LHC ya tarehe 19 Septemba 2008 nayo bado wapo wanaoihusisha na shimo jeusi, lile walilohofia kwamba migongano ya protoni ingeliunda. Protoni hazikuwa zimeanza hata kugonganishwa. Palikuwa na kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili. Cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa zikamwagika, na sumaku 53 zikatolewa kufanyiwa kazi. Hapo ndipo umeme ulipotoa joto kweli, kwenye kiungo chenye ukinzani usiofikia sehemu moja ya milioni ya omu, kipimo cha ukinzani.