Kompyuta isipoonekana kwenye orodha, si lazima mtandao umekatika

Katika steshenari na ofisi ndogo za Dodoma, wengi huamini kwamba kompyuta isipoonekana kwenye orodha ya Network ya Windows, basi waya umekatika. Imani hiyo inaeleweka: kwa miaka mingi orodha ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia mafaili.

Ila kuonekana ni jambo moja, kufikika ni jingine. Orodha ya zamani ilitegemea SMB1, toleo la kwanza la SMB (utaratibu wa Windows wa kushirikishana mafaili kwenye mtandao), ambayo tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, haiwekwi yenyewe kwenye mashine mpya. Mafaili hupita kwa matoleo mapya zaidi, SMB2 au SMB3, orodha iwepo isiwepo.

Kabla ya kumlipa fundi abadilishe waya, tafadhali jaribu hivi. Kwenye kompyuta yenye mafaili fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, usome namba ya IPv4, yaani anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao. Kwenye ile nyingine bonyeza Windows na R, uandike mikwaju miwili na namba hiyo, mfano \\192.168.1.20. Folda zikifunguka kwa namba lakini si kwa jina la kompyuta, kilichokwama ni kutambua jina tu. Zisipofunguka, angalia kwenye kompyuta yenye mafaili kama mtandao umewekwa Public, yaani wa umma. Hapo faiawoli, yaani ulinzi wa Windows dhidi ya mawasiliano yasiyotakiwa, kwa kawaida huzuia kushirikishana mafaili, na hata ping (amri ya kupima kama kompyuta inajibu) hukosa jibu ilhali waya ni mzima.