Kwa nini mnara wa Giralda hauna ngazi?

Anayepanda mnara wa kengele wa kanisa kuu la Sevilla, kusini mwa Hispania, hujiandaa kwa ngazi asizikute. Ndani mna njia pana ya mwinuko inayozunguka na kuzunguka, vipande 35, na vidato vichache tu karibu na kengele. Nani hujenga mnara wa kanisa namna hiyo?

Haukujengwa uwe wa kanisa. Ulikuwa mnara wa msikiti. Waalmohadi, watawala waliotoka Morocco, waliifanya Sevilla makao yao makuu upande wa Andalusi, yaani Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu, na mwaka 1172 Khalifa Abu Yaqub Yusuf akaanzisha ujenzi wa msikiti mkubwa. Mnara ulianzwa 1184 ukakamilika 1198. Muadhini alitakiwa juu mara tano kila siku, na husimuliwa kwamba alipanda akiwa juu ya mnyama. Punda au farasi umshushe ngazi za mnara mzima? Atagoma. Mwinuko wa taratibu anaumudu.

Ufikirie kama minara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani una vyumba saba vilivyopandana. Wa nje ndio tunaouona na nakshi zake za matofali. Njia hupita kati ya kuta za minara hiyo. Kila upande wa mraba ni kipande kimoja, kwa hiyo hadi juu umezunguka karibu mara tisa.

Mwaka 1248 mfalme Mkristo, Ferdinand III, aliuteka mji, na msikiti ukageuzwa kanisa. Wakristo walisali humo zaidi ya miaka 150 kabla ya kuamua, 1401, kujenga jipya. Lilikamilika mwanzoni mwa karne ya 16, nalo ndilo kanisa kuu kubwa zaidi la mtindo wa Gothiki duniani. Upana wake usio wa kawaida una sababu: limekalia kiwanja cha msikiti uleule. Msikiti ulibomolewa, lakini mnara ukaachwa, pamoja na ua wa kutawadhia. Ua huo leo umejaa michungwa ya matunda machungu, yale ambayo watu wa pwani yetu huyaita madanzi. Lango lake bado lina milango ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu kwa mwandiko wa kale uitwao Kikufi.

Sehemu ya kengele ni nyongeza ya msanifu majengo Hernán Ruiz, aliyeijenga kati ya 1558 na 1568, na kwa macho yangu inakaa vizuri kuliko ilivyostahili, kofia ya Kihispania juu ya mwili wa Kimaghribi. Kileleni ikawekwa sanamu ya mwanamke inayogeuka kufuata upepo. Kwa Kihispania kugeuka ni girar, basi watu wakaiita sanamu Giralda. Baadaye jina likashuka likauchukua mnara wote, na sanamu yenyewe ikabaki na jina la utani: Giraldillo.