Kupogoa si kukata kichwa

Jirani yangu ameukata mwarobaini wake ukabaki nguzo, kisha ananiambia, "Tumeupogoa." Aa, jirani. Na nimeshawasikia hata vijana wanaoitafuta kazi ya kupogoa miti wakilitumia neno hivyo hivyo.

Kupogoa ni kuondoa tawi ulilolichagua kwa sababu unayoijua: limekauka, linasuguana na jenzake, linaelemea bati. Basi. Ukiondoa kilele chote, umekata kichwa. Mwarobaini hautakufa, ila utachipua vifito vingi vilivyojishikiza juu juu tu, na upepo ukija vitaangukia bati lile lile. Mnazi ndio kabisa: hukulia kilele kimoja, ukikikata umeua.

Kinachonikera zaidi ni kumchanganya mpogoaji na mkwezi. Kijana anakuja: "Mimi najua kukwea, nipe kazi." Kukwea ni fani, sikatai, na Kiswahili kinaienzi: kidato, kabla ya kuwa darasa la sekondari, ni pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Hicho kidato cha nne unachojivunia kimetoka mnazini. Lakini mpogoaji hachongi vidato kwenye mwembe anaoutunza. Hupanda kwa kamba na mkanda, na viatu vya miiba huviweka kwa mti unaoangushwa, maana kila pengo ni kidonda na mti hauponi kama ngozi yetu. Hukizingira tu kidonda na kukifunika. Mtafiti wa miti Mmarekani, Alex Shigo, alipasua miti kwa msumeno wa mashine miaka na miaka akilionyesha hilo.

Ndiyo maana tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, kama shubiri mbili kutoka shinani. Kisha kwa juu, mbele kidogo, lianguke bila kuchuna gome. Mwisho kile kigutu, nje tu ya uvimbe ulioko tawi linapoanzia. Uvimbe wenyewe usiuguse.

Chuo cha Misitu Olmotonyi, kule Arusha, kitakupa elimu nzuri ya misitu, ila bwana misitu huwaza hekta, mpogoaji huwaza mti mmoja juu ya paa la mtu. Cheti cha ISA, chama cha kimataifa cha watunza miti, nacho hutaka miaka 3 ya kazi ya miti, au masomo ya kufidia sehemu yake, ndipo ufanye mtihani.

Kwa hiyo, kijana, andika kwenye barua yako ya kuomba kazi kwamba unajua kukwea. Na wewe jirani, ukiulizwa, sema tu umeukata.